Much Wenlock: kamji kalikocheza Olimpiki kabla ya Olimpiki

Leo naweka pembeni habari za bumu na foleni ya kafeteria. Nawapeleka Much Wenlock. Kwenye ramani kubwa usihangaike kuutafuta, hauonekani. Ni mji mdogo wa kaunti ya Shropshire, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, na sensa ya mwaka 2011 ilikuta watu wasiotimia 3,000. Wanafunzi wa hapa chuoni wakihamia kule, nusu yetu tutalala nje!

Mji wenyewe ni wa kizamani haswa. Una magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzia karne ya 7, una ukumbi wa mji wa mbao nyeusi na nyeupe wa karne ya 16, na pembeni kuna kilima kirefu cha mawe ya chokaa kiitwacho Wenlock Edge. Wanajiolojia wameipa zama moja ya historia ya dunia jina la Wenlock kwa sababu ya mawe hayo. Kwa miaka mingi watu wa pale waliishi kwa kilimo, soko na kuchimba chokaa. Hayo nayapita haraka, maana mtu ninayemtaka yuko mbele.

Anaitwa William Penny Brookes. Alizaliwa hapohapo mwaka 1809, mtoto wa daktari, akasomea udaktari London, halafu Paris na Padua. Mwaka 1831, baada ya baba yake kufariki, akarudi nyumbani kushika kazi ya mzee. Hebu fikiria, mtu kasoma mpaka Italia halafu anarudi kijijini kutibu vibarua wa machimbo na wachunga ng'ombe. Na hakurudi kukaa tu. Alikuwa pia hakimu, akasukuma mambo ya taa za gesi, akasukuma reli mpaka ikafika mjini mwaka 1862, na mwaka 1841 alianzisha chama cha kusoma ili wakulima na mafundi wapate vitabu vya kuazima. Mimi hapo tu nilishamvulia kofia.

Basi bwana, mwaka 1850 chama hicho kikazaa tawi lililoitwa Darasa la Kiolimpiki la Wenlock. Ndiyo, darasa! Lengo lilikuwa kuwajenga watu wa mji kimaadili, kimwili na kiakili, kwa mazoezi ya nje na kwa zawadi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wakafanya michezo ya kwanza: mbio, kuruka, kriketi, mpira wa miguu, kurusha pete za chuma. Miaka ya mwanzo kulikuwa na vituko pia. Kulikuwa na mbio za matoroli huku wasukumaji wamefungwa vitambaa machoni, na kuna mwaka akina bibi walishindania ratili moja ya majani ya chai. Baadaye ukaja mchezo wa mpanda farasi anayekimbia kwa kasi akilenga kwa mkuki kapete kadogo kaliko juu, nao ukawa ndio kivutio kikuu. Bendi mbele, maandamano mitaani, mji mzima nje.

Sasa sikilizeni kiini cha habari hii. Uingereza ya wakati ule michezo ya heshima ilikuwa ya mabwana. Klabu ya riadha iliyoanzishwa London mwaka 1866, Amateur Athletic Club, ilikuja kuandika kabisa kwenye kanuni zake kwamba fundi mitambo, fundi wa mkono na kibarua hawaruhusiwi. Yaani anayebeba mawe mchana kutwa asikimbie na anayemlipa mshahara! Brookes alikataa. Kwake michezo ilikuwa wazi kwa mwanamume wa daraja lolote (wanawake walikuwa bado wanaachwa kwenye kushona na kufuma, hilo tusilifiche). Mwaka 1865 yeye na wenzake wa Liverpool na London wakaunda chama cha taifa, na mwaka uliofuata wakafanya michezo pale Crystal Palace, London. Kijana W. G. Grace, miaka 18, aliomba ruhusa katikati ya mechi ya kriketi, akaenda akashinda mbio za yadi 440 za kuruka viunzi. Lakini mabwana walikuwa na pesa na magazeti, na chama cha Brookes kikafifia polepole.

Wenzangu wa ualimu, hapa ndipo panapotuhusu. Brookes alipigania miaka mingi mazoezi ya viungo yawe somo kwenye shule za watoto wa kawaida. Aliwapima vifua wavulana wa shule ya mjini kwake kabla na baada ya mazoezi, ili apate ushahidi wa kuipelekea serikali. Na sisi tuliokwenda mazoezi ya kufundisha tunajua kipindi cha michezo kinavyomezwa na hisabati mitihani ikikaribia. Mzee alikuwa anapigana vita hiyohiyo.

Na ni somo hilo, wala si medali, lililomleta Mfaransa Pierre de Coubertin. Alikuwa anatafuta mawazo juu ya mazoezi shuleni, wakaandikiana barua, na Oktoba 1890 akafika Wenlock. Yeye ana miaka 27, mwenyeji wake 81. Wakamfanyia michezo maalumu, akapanda mti wa mwaloni kwenye uwanja wa Linden Field, jioni wakala na kuongea. Brookes alikuwa na ndoto ya zamani: tangu mwaka 1859 alishatuma pauni 10 Athens ziwe zawadi kwenye michezo ya Wagiriki, na baadaye akawasihi waanzishe Olimpiki ya mataifa yote, wasimwitikie. Coubertin aliporudi Ufaransa aliandika wazi kwamba kama Olimpiki ingali hai, sifa si ya Mgiriki bali ya daktari huyu. Miaka ilivyosonga, jina hilo akawa halitaji sana!

Mwaka 1894 kikao cha Paris kikaamua Olimpiki irudi. Brookes alialikwa, ugonjwa ukamzuia. Alifariki Desemba 1895. Athens walifungua michezo Aprili 1896, miezi minne baadaye.

Mwaka 1994 rais wa kamati ya Olimpiki ya dunia, Juan Antonio Samaranch, alikwenda kuweka shada kaburini kwake, na London 2012 kimojawapo cha vikaragosi vya michezo kiliitwa Wenlock. Shule ya sekondari ya mjini ina jina lake. Na kila Julai watu wa pale bado wanakimbia, ingawa ile ratili ya chai sijaona kama bado inatolewa.