Makamu wa Rais si mtu wa kukata utepe tu

Kwetu tuliokulia huku Uingereza, Makamu wa Rais wa Tanzania ni yule mtu wa kukata utepe. Mimi nasema hapana: ndani ya kiti hicho kuna Muungano mzima.

Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, Nyerere akawa Rais. Abeid Karume, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza, na Rashidi Kawawa wa bara akawa wa Pili. Yaani ukishika urais wa Zanzibar, na umakamu unaupata.

Vyama vingi viliporudi 1992, likazuka swali: Zanzibar ikimchagua mtu wa upinzani, atamsaidiaje Rais wa CCM? Mwaka 1994 Katiba ikabadilishwa. Tangu uchaguzi wa 1995, Makamu ni mgombea mwenza. Rais akitoka bara, yeye lazima atoke Zanzibar, na kinyume chake.

Baba yangu, mtu wa Unguja, anasema hapo Zanzibar ilinyang'anywa kiti chake. Mama, wa Tanga, anasema hakuna upande uliosahauliwa. Mabishano hayaishi!

Sasa, Machi 17, 2021, John Magufuli akafariki madarakani. Hakukuwa na uchaguzi mpya, maana Katiba inasema Makamu amalizie muda uliobaki. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Mfumo uleule anaoulalamikia baba ndio uliomfikisha mwanamke wa Kizanzibari Ikulu. Makamu wake akawa Philip Mpango, wa Kigoma.

Basi uchaguzi ukija, usiishie jina la kwanza. Waulize wazee wako habari za lile la pili.