Lugha ya Ishara Hukulia Kiwanjani

Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo iliyoondoka Gisenyi kuelekea Nairobi ilianguka nchini Rwanda, na Andrew Foster akafa akiwa na umri wa miaka 62. Mmarekani huyo mweusi, mzaliwa wa Alabama, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, na mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi mjini Accra. Katika miaka 30 iliyofuata alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, Zaire (Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo) ikiwamo. Kutoka Gisenyi unavuka mpaka na kuingia Goma, katika Kivu Kaskazini, na kilomita zisizotimia 30 mbele ni Sake, ambako barabara inaanza kupanda milima ya Masisi kabla ya kushuka kwenye misitu ya Walikale. Foster alikufa kwenye mlango wa wilaya hizo mbili, na shule za aina yake hazikuwa na njia rahisi ya kuzifikia: zilikuwa shule za mjini, za kukusanya watoto wengi viziwi mahali pamoja, na mtoto wa Nyabiondo au wa Pinga alikuwa mbali nazo kwa kilomita, kwa pesa na kwa usalama.

Ndiyo maana masomo ya lugha ya ishara katika shule za msingi za kawaida, watoto wanaosikia na wasiosikia wakiwa benchi moja, ni jambo kubwa kwa Masisi na Walikale kuliko linavyoonekana kutoka Kinshasa. Lakini anayeyapanga masomo hayo atashawishika kuyaweka kwenye ratiba ya peke yake, saa moja ubaoni, na kuiacha michezo ya wanafunzi kwenye ratiba nyingine kama burudani ya mchana. Ninaona hilo ni kosa, na historia ya lugha yenyewe ndiyo inayolionyesha. Mara nyingi lugha ya ishara ilipokua, ilikulia pale watoto walipocheza. 

Darasani haikukaribishwa daima. Mwanzo ulikuwa mzuri: huko Paris, katika miaka ya 1760, padri Charles-Michel de l'Épée aliwafundisha watoto viziwi kwa kutumia ishara zao wenyewe. Mwaka 1816 Laurent Clerc, kiziwi aliyelelewa katika shule hiyo, alivuka bahari pamoja na Thomas Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule Hartford, Marekani. Kisha mwaka 1880, mjini Milan, mkutano wa waalimu ambao karibu wote walikuwa wanaosikia ulipitisha kwamba kiziwi afundishwe kwa kusema na kusoma midomo tu. Kwa karibu miaka 100 watoto wa shule nyingi walizuiwa kutumia mikono mbele ya mwalimu. Hata hivyo lugha haikufa, kwa sababu mwalimu hakulala nao bwenini na hakucheza nao. Huko Gallaudet, mwanzoni mwa miaka ya 1890, wachezaji wa mpira wa Kimarekani walianza kukusanyika katika duara kabla ya kila mchezo ili timu nyingine ya viziwi isione mbinu wanazopangana kwa ishara, na leo timu za wanaosikia zinakusanyika vivyo hivyo. Mwaka 1924, wakati marufuku ya Milan ingali inatawala shule za Ulaya, Eugène Rubens-Alcais aliandaa mjini Paris michezo ya kwanza ya kimataifa ya viziwi, nchi 9 zikashiriki. Lugha iliyokatazwa darasani ilijitokeza uwanjani mbele ya watu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Nikaragua, na unastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayeifikiria Walikale. Mwaka 1977 kituo cha elimu maalumu kilifunguliwa Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 elimu hiyo ikapanuliwa hadi shule zake zikawa na mamia ya watoto viziwi ambao hapo awali kila mmoja alikuwa peke yake nyumbani kwao. Waalimu waliwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo na kutahajia herufi kwa vidole, na hawakufanikiwa. Wakati huohuo, katika uwanja wa shule na ndani ya mabasi ya kwenda nyumbani, watoto waliunganisha ishara walizotoka nazo kwa mama zao. Wadogo waliofuata walizipokea wakazipa sarufi, na mwanaisimu Judy Kegl alipoitwa mwaka 1986 kueleza kilichokuwa kikitokea, aliikuta lugha mpya isiyofundishwa na mtu mzima yeyote. Somo la Managua halisemi kwamba mwalimu hana kazi. Linasema kwamba mtoto hujifunza lugha anapoihitaji kwa jambo analolipenda, na kwamba huhitaji wenzake wa kuitumia nao. Watu wa Kivu wanalijua hilo bila kuambiwa na mwanaisimu. Watoto wanaozungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga au Kitembo nyumbani hawasubiri mwalimu awafundishe Kiswahili. Wanakiokota kwenye mpira, wakigombania nani alitoa pasi na nani alikuwa ameotea.

Hali ya mtoto kiziwi wa Masisi, hata hivyo, si ya mtoto wa Managua. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi duniani wamezaliwa na wazazi wanaosikia, na katika kijiji cha mlimani mtoto huyo anaweza kuwa peke yake. Wengine hawakuzaliwa hivyo. Surua, homa ya uti wa mgongo na malaria kali huharibu usikivu, hata dozi kubwa za kwinini na baadhi ya dawa za sindano huweza kuuharibu, na mlipuko wa bomu huipasua ngoma ya sikio. Kivu Kaskazini imepitia hayo yote. Mwaka 2019 Kongo ilikuwa na mlipuko wa surua uliokuwa mkubwa kuliko wote duniani wakati huo, wagonjwa walioshukiwa wakiwa zaidi ya 300,000. Kuwakusanya watoto hao shule moja ya bweni ni wazo zuri kwenye karatasi. Walikale peke yake ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu sawa na Rwanda nzima, na barabara zake ni mbovu kiasi kwamba madini ya bati ya mgodi wa Bisie yalikuwa yakibebwa kwa ndege ndogo zilizotua juu ya kipande cha lami huko Kilambo. Tangu mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto mnamo Machi 1993 hadi vita vilivyoikumba Masisi-katikati Januari 2025 na mji wa Walikale Machi mwaka huohuo, watu wamehama mara nyingi, na shule zimegeuka makazi ya wakimbizi au kambi za wenye silaha.

Basi, ikiwa mtoto hawezi kupelekwa kwa viziwi wenzake, jumuiya inayomzunguka ndiyo ijifunze lugha yake. Hilo limewahi kutokea. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, ambako uziwi wa kurithi ulienea tangu karne ya 17, wavuvi na wakulima wanaosikia walizungumza kwa ishara kama jambo la kawaida, kiziwi awepo au asiwepo. Huko Ghana, kijiji cha Adamorobe kilikuwa na lugha yake ya ishara iliyojulikana na wenye masikio mazima. Hakuna serikali iliyowapa mtaala. Kilichowafunza ni kuishi, kufanya kazi na kucheza pamoja kila siku. Shule ya Mweso au ya Kibua haina karne mbili za kusubiri, ila ina saa ya rekreasio kila siku na kipindi cha mazoezi ya viungo.

Tazama kinachotakiwa ili mtoto kiziwi acheze mpira wa miguu. Filimbi haimfikii, kwa hiyo mwamuzi hubeba kibendera, kama inavyofanyika katika mashindano ya viziwi duniani. Kapteni anayesikia lazima ajue ishara ya kusonga mbele, ya kurudi, ya kona, ya kubadilisha mchezaji, tena aitoe mbele ya macho ya mwenzake, si nyuma ya mgongo wake. Wakibishana juu ya penalti, lazima wajue kuuliza, kukataa, kueleza nani alifanya nini na kabla ya nini. Hapo pana nyakati za vitendo, hesabu, sababu na majina ya watu, yaani sehemu kubwa ya lugha yoyote. Mwalimu aliyefundisha ishara 10 asubuhi atajua jioni zipi zimeshika, maana zitakuwa zinatumika au hazitumiki. Ubaoni hawezi kulijua hilo, kwa sababu mtoto anaweza kunakili ishara vizuri bila kuwa na la kusema kwayo.

Kuna wanaosema kwamba mahali penye njaa na risasi, ishara na mpira ni anasa. Siwalaumu, anayezungumza hivyo mara nyingi amezika watu wake. Lakini mtoto asiyesikia ndiye wa mwisho kujua kwamba kijiji kinakimbia, na ndiye asiyeweza kumjibu mwenye bunduki kwenye kizuizi. Wenzake wanaojua ishara za hatari, kimbia, lala chini na nifuate ni ulinzi wake, na ishara hizo huwa nyepesi mkononi kwa sababu zimetumika mara nyingi kwenye mchezo. Wengine wanataja msongamano: tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa anaongezewa mzigo mwingine. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema masomo haya yaingizwe katika kipindi cha michezo ambacho tayari kipo, badala ya kuongeza somo jipya juu ya mengine.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa viziwi wenyewe. Kwa miaka mingi vyama vyao duniani vimeonya kwamba kumweka mtoto mmoja kiziwi katikati ya watoto 60 wanaosikia, hata wakijua ishara 100, kunaweza kumwacha mpweke kuliko alivyokuwa, na kwamba lugha kamili hupatikana kwa wenye lugha hiyo. Wana haki. Yaliyotokea Adamorobe yanaongeza uzito wa onyo lao kwa upande mwingine: watoto walipopelekwa shule ya bweni huko Mampong walirudi na ishara zenye asili ya Marekani, na lugha ya kijiji ikaanza kufifia. Ishara za shule za Foster katika nchi zinazotumia Kifaransa nazo zina mizizi Marekani. Jibu langu si kwamba hatari hizo ni ndogo, bali kwamba michezo inasaidia kuzipunguza. Shule zikishindana, watoto viziwi wa Loashi, Nyabiondo na Masisi-katikati hukutana siku nzima, kila mmoja na ishara za kwao, na kiziwi mtu mzima anayejua lugha hiyo vizuri anaweza kuwa kocha wao hata kama hakupata diploma ya ualimu. Michezo ya Paris ilifanya kazi hiyohiyo: viziwi wa nchi 9 waliokuwa wametawanyika walipokutana, waliunda palepale shirikisho la kimataifa ambalo bado lipo.

Majirani zetu wameshalipa jambo hili nafasi katika sheria. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja lugha ya ishara, na ile ya Kenya ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Katiba ya Kongo ya 2006 inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaahidi kulinda lugha nyingine za nchi kama urithi. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaodai lugha ya ishara ifundishwe shuleni na watoto wenye ulemavu wacheze na wenzao katika mfumo huohuo wa shule. Mwaka 2022 ikapata sheria yake yenyewe ya haki hizo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kiwanjani. Waalimu wengi wa shule za msingi wa Masisi na Walikale wanatoka katika sekondari zenye mchepuo wa ualimu, na huko ndiko kipindi cha lugha ya ishara na kipindi cha kuongoza michezo vinapaswa kufundishwa na mkufunzi mmoja, kwa wanafunzi walewale, kabla hawajatumwa Ngungu, Itebero au Hombo.