Kibakuli cha Tabaka na kichwa cha Otenyo
Wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo. Karibu na kibodi yangu pana kibakuli cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii. Ndani naweka flashi. Kukishika kila asubuhi ni raha: jiwe la kwetu, mkono wa fundi wa kwetu.

Lakini si kila kitu chetu kiko karibu hivi. Mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffry Northcote. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na wazee husimulia kuwa kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Basi vilivyobaki tuvitunze. Kama babu yako, Kisii au Nyamira, anajua kupiga obokano, ile ala ya nyuzi nane, mrekodi leo kwa simu. Haya, kazi kwenu.