Hugh Bradner, mbunifu aliyesahauliwa wa suti ya kuzamia

Suti ya kuzamia ya neoprini imetimiza robo tatu ya karne, na hadi leo sifa ya kuibuni hupewa wasiostahili. Huhitajika kwa sababu maji huupokonya mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Zamani mzamiaji wa maji baridi alivaa nguo za sufu ndani ya vazi la mpira lisilopitisha maji; likitoboka, kinga yote ilikwisha.

Neoprini yenyewe, mpira usio wa asili, ilitoka katika maabara za DuPont nchini Marekani mwaka 1930. Mwaka 1951 Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California aliyewahi kushiriki mradi wa bomu la atomiki huko Los Alamos, alikuwa akitafuta vazi la kuwakinga wazamiaji wa jeshi la majini. Akang'amua kwamba si lazima mzamiaji awe mkavu. Kinachozuia joto lisitoroke ni vipovu vya gesi vilivyonaswa ndani ya vazi. Maji kidogo yakiingia na kutulia juu ya ngozi, hayadhuru. Mhandisi Willard Bascom ndiye aliyependekeza neoprini ya povu.

Ugunduzi huo haukumtajirisha. Jeshi lilisita, likihofu kwamba vipovu vile vingeonekana kwenye sona, kifaa cha kutambua vitu majini kwa mawimbi ya sauti. Ombi la hataza lilikataliwa kwa madai kwamba suti inafanana na vazi la marubani. Bradner, aliyekuwa mshauri wa serikali, hakutaka kujinufaisha kwa kazi hiyo.

Waliovuna ni wenye maduka ya California: Jack O'Neill wa San Francisco, na mapacha Bob na Bill Meistrell wa Redondo Beach, waanzilishi wa kampuni ya Body Glove. Waliuza vizuri na kuboresha mengi, na ubunifu ukahesabiwa wao. Mwaka 1998 Carolyn Rainey wa taasisi ya sayansi ya bahari ya Scripps alipekua nyaraka, ikiwemo barua ya Bradner ya Juni 1951 inayoeleza wazo hilo, akahitimisha kwamba Bradner ndiye wa kwanza. Ushahidi huo unatosha. Bradner alifariki mwaka 2008, na jina lake bado halijulikani kwa wengi wanaovaa kazi yake.

Suti za awali zilichanika upesi na hazikuvalika bila poda, hadi zilipowekewa bitana ya nailoni. Siku hizi zipo pia za mpira wa asili. Hata Pemba na Mafia, kwenye maji ya vuguvugu, wazamiaji huvaa suti yenye unene wa milimita 3, kwa sababu kukaa majini kwa muda mrefu hupoza mwili, na matumbawe hukwaruza ngozi.