Uoanishaji: Kuikalisha Pikipiki kwa Mwendeshaji Wake

Katika gereji zetu za Mombasa, kitenzi kimoja hubeba kazi mbili zilizo mbalimbali. Aliyekatikiwa na cheni Makupa hutengenezewa pikipiki. Na anayetaka springi zilegezwe kwa sababu yeye ni mwepesi hutengenezewa vilevile. Kazi ya kwanza huondoa ubovu. Ya pili haina ubovu wa kuondoa: chombo ni kizima, ila hakijamkaa anayekipanda. Katika mbio za pikipiki kazi hii ya pili ndiyo huamua mengi, nayo yastahili istilahi yake. Ninayoitetea ni uoanishaji.

Uoanishaji wa pikipiki ya mashindano ni kupanga ugumu wa springi na shokomzoba, mwinamo wa uma wa mbele, meno ya sproketi, usukani, vikanyagio, hata umbo la tangi, mpaka chombo kiitikie mwili na mtindo wa mwendeshaji fulani. Anayechelewa kufunga breki hutupa uzito mwingi mbele, kwa hiyo huhitaji springi ngumu upande huo. Mwenye kuingia kona kwa ulaini akipewa springi hizohizo, tairi la mbele halishindiliwi vya kutosha, naye hukosa kuhisi barabara. Pikipiki ya mbio za MotoGP imewekewa uzito usiopungua kilo 157; mwendeshaji wa kilo 65 basi ni zaidi ya robo ya uzito wote unaoingia konani. Mwili wake ni sehemu ya mtambo.

Ushahidi ulio wazi ni wa timu ya Ducati katika mbio hizo za MotoGP. Mwaka 2017 Andrea Dovizioso alishinda mbio sita akiwa na timu hiyo, ilhali mwenzake Jorge Lorenzo, bingwa wa dunia mara tano, hakushinda hata moja. Chombo kilikuwa cha aina moja, mwaka mmoja, timu moja. Anayelaumu pikipiki atajibiwa na ushindi wa Dovizioso. Anayemlaumu mtu atajibiwa na mataji ya Lorenzo. Mwaka 2018 tangi lilibadilishwa umbo ili Lorenzo apate pa kujishikiza anapofunga breki, naye akashinda mbio za Mugello, kisha za Catalunya, kisha za Austria. Kilichokuwa na kasoro ni uhusiano wa Lorenzo na chombo chake, na lawama iliyomwelekea mmoja wao isingeugusa.

Watakaopinga watasema hodari hupanda chochote, na watamtaja Casey Stoner, aliyetwaa ubingwa wa 2007 kwa Ducati. Lakini mwaka uliofuata Stoner aliendelea kushinda mbio, na Marco Melandri, aliyekuja kuwa mwenzake, akamaliza msimu katika nafasi ya 17. Umahiri wa Stoner ni kweli. Ila ulioana na chombo kile kwa namna ambayo wa Melandri haukuoana. Wengine watahofu kwamba neno hili litageuka kichaka cha kuficha uzembe wa mwendeshaji au wa kiwanda. Hofu hiyo ina haki, na dawa yake ni kupima. Wakilalamikia jambo moja waendeshaji wa mitindo tofauti, chombo kina ila. Akilalamika mmoja tu, abadilishiwe kitu kimoja kwa wakati na matokeo yaandikwe. Muda wa mzunguko usipopungua baada ya hayo yote, hapo ndipo mwendeshaji aulizwe.

Jambo hili haliishii kwenye viwanja vya mbio. Bodaboda moja ya Kisiwani huweza kupita mikononi mwa watu wawili: mmoja akipenya vichochoro vya Mji wa Kale karibu na Ndia Kuu na abiria mmoja, mwingine akitoka Marikiti na magunia kuelekea Daraja la Nyali. Hesabu ya siku ikipungua, mwenye chombo humshuku dereva, na dereva hulaumu injini. Ni nadra kuuliza kama springi zilipangwa kwa mzigo wa yupi.

Mafundi husema “kuseti”, nalo ni neno jepesi ambalo hakuna sababu ya kulifukuza gerejini. Hata hivyo, linataja mkono wa fundi na chombo peke yake. “Marekebisho” ni hafifu zaidi, kwa kuwa humaanisha kulikuwa na kosa, na hivyo hutoa hukumu kabla ya uchunguzi. Katika kuoanisha, kiambishi -an- huwataka wawili wanaotendeana. Hakuna kinachooana peke yake. Mwandishi wa michezo akizoea kusema “hawajaoanishwa” badala ya “ameshindwa”, atalazimika kutueleza ni nini kilichobadilishwa na nini hakijabadilishwa. Maelezo hayo yatamfaa fundi na mwendeshaji kuliko jina la wa kulaumiwa.