Hafifu, Pengo na Bubu

Kundi la damu la Rh husomwa kwa macho. Ukitia kingamwili dhidi ya D, antijeni ya Rh iliyo juu ya seli nyekundu, kwenye mrija wenye damu, seli nyekundu zikishikamana ni chanya, zisiposhikamana ni hasi. Kasheshe huanza zinaposhikamana kidogo tu, vipunje viwili vitatu vinavyotawanyika ukitikisa.

Neno linalowahi mdomoni ni D dhaifu. Silipendi. Dhaifu ni mtu asiyejiweza, na mwenye damu hii haumwi chochote. Afadhali hafifu, kama mwanga: D ipo, ila ni chache juu ya seli. Tena kuna D iliyokosa kipande. Hii ningeiita pungufu, lakini pungufu hupima wingi, na hapa wingi si hoja. Iitwe D yenye pengo, kama kinywa kilichong'oka jino.

Mjamzito mwenye D hafifu ya aina ya 1, 2 au 3 huhesabiwa chanya, wala hahitaji sindano ya kinga wanayochomwa wajawazito wenye Rh hasi. Mwenye pengo, akiongezewa damu chanya, aweza kuunda kingamwili dhidi ya kipande asichonacho. Mapengo kama DAR na DIIIa yamo katika damu za Waafrika, na wagonjwa wa selimundu, wanaoongezewa damu kila mara, ndio huyalipia.

Mrija hauwezi kutenganisha D hafifu na D yenye pengo, ndipo huletwa kipimo cha vinasaba. Neno tamu, limebeba nasaba ndani yake, na ukilitaja mtaani watu huuliza mtoto ni wa nani. Benki ya damu haina shughuli na kesi hiyo. Inasoma jeni ya RHD ione imebadilika wapi. DNA huchukuliwa kwenye seli nyeupe, maana nyekundu zilizokomaa hazina kiini, kwa hiyo hata aliyeongezewa damu juzi hupimika, ilhali mrija wake umejaa seli za wachangiaji.

Jeni nayo ina vituko. Waafrika wengi wenye Rh hasi wanayo RHD, ila ndani yake herufi 37 zimejirudia, usomaji ukavurugika, D haitengenezwi. Istilahi iliyozoeleka ni jeni bandia. Bandia ni noti ya kughushi; hii ni jeni halali iliyonyamaza, basi iwe jeni bubu. Kipimo kinachochungulia sehemu moja mbili tu za RHD huiona na kutangaza chanya, na hapo mrija uliosema hasi ndio wa kuaminiwa. Fomu ya majibu ingekuwa na safu mbili, ya kilichoonekana na ya kilichosomwa, daktari angejua anaongezea damu ipi.