Duara, duru na maneno yenye uhusiano nayo

NENO ‘duara’ limetoholewa kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzunguka. Limo katika ngeli ya LI-YA: duara limechorwa, maduara yamechorwa.

Katika hisabati, duara ni mstari uliopinda hadi ncha zake zikakutana, na ambao kila sehemu yake iko umbali sawa na kitovu. Mstari unaopita kitovuni kutoka upande mmoja hadi wa pili ni kipenyo. Urefu wa kulizunguka duara ni mzingo. Nyumba ya msonge yenye kipenyo cha mita 7 ina mzingo wa takriban mita 22. Duara lililobanwa likarefuka ni duaradufu.

Wanafunzi wengi husema kuwa mpira ni duara. Hilo ni kosa. Mpira ni tufe kwani una ujazo, ilhali duara hukaa juu ya karatasi tu.

Kamusi za kale hulipa duara maana nyingine: mtambo wa kuzungusha ili kuvuta kamba. Aidha, ‘idara’ ni neno la mzizi uo huo, kadhalika ‘mudiri’, cheo cha utawala kilichokuwa chini ya liwali katika pwani ya Kenya enzi za mkoloni. Anayesimamia shughuli ndiye anayeizungusha.

Neno linalotatiza zaidi ni ‘duru’, la ngeli ya I-ZI. Duru ni mzunguko mmoja wa shughuli, mathalani mashindano au uchaguzi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, duru ya pili huandaliwa katika muda wa siku 30. Uchaguzi wa Oktoba 26, 2017 haukuwa duru ya pili, ingawa baadhi ya watu waliuita hivyo. Ulikuwa uchaguzi wa marudio, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha ule wa Agosti 8. Tofauti hiyo ni ya kisheria wala si ya mapambo ya lugha: marudio hufuta matokeo ya awali, ilhali duru ya pili huyategemea.

Wanahabari nao husema ‘duru za kuaminika zimearifu’, yaani watu walio karibu na jambo. Hapo duru aghalabu huwa katika wingi, hata aliyenong’ona akiwa mmoja.